Buldoza na eskaveta za zamani: namna ya kuzitengeneza nyumbani ziendelee kufanya kazi (mwongozo wa sisi wa Goma)

Kila wiki maswali ni yale yale. Mashini imekataa kuwaka asubuhi. Mkono wa eskaveta unashuka wenyewe. Nimeongeza maji jana, leo tena inachemka. Na karibu kila anayeuliza ameshaambiwa na mtu fulani kwamba moteri imekufa, atafute ingine. Mimi nasema hivi wakubwa: buldoza ya miaka 30 ao 40 haifi ju ya uzee, inakufa ju ya uchafu. Vumbi mu hewa, maji mu mazutu (dizeli), mchanga mu mafuta ya idroliki. Hivyo vitatu unavisafisha mwenyewe mu parseli yako, na njo vya kwanza kuangalia kabla mtu hajakufungulia moteri na kukupa bei ya kukutoa machozi.

Huu mwongozo ni wa mashini zisizo na kompyuta, zile Caterpillar D6 na D7 za zamani, Komatsu D65, na eskaveta za kizazi hicho. Kama yako ina kompyuta, mambo ya usafi ni yale yale ila umeme wake usiuguse bila mtu anayeujua.

Kitu kimoja kuhusu hapa kwetu kabla ya kuanza. Tuko karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari, hewa ya Goma ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa ao Matadi, kwa hiyo moteri isiyo na turbo inakosa pumzi kidogo na itatoa moshi mweusi ikibebeshwa mzigo hata kama ni nzima. Usikubali mtu akuongezee mazutu kwenye pompi ati ipate nguvu. Hakuna hewa ya kuyachoma, utapata moshi zaidi na joto zaidi, nguvu hapana.

Vitu vya kuwa navyo

- Kile (spana) za aina mbili: Caterpillar za zamani bulo (bolti) zake nyingi ni za inchi, Komatsu ni za milimita. Ukilazimisha kile ya 19 kwenye bulo ya inchi ambayo si saizi yake utaila kichwa, na hapo njo kazi ya dakika 5 inakuwa ya siku nzima.
- Kipimo cha umeme (multimetre), hata ile ya bei ndogo.
- Pampu ya grisi ya mkono.
- Kiriki (jeki) yenye nguvu na mbao nene za mti mgumu. Siyo bloke za sementi, siyo makoro (mawe ya volkano). Jiwe la volkano lina matundu ndani, linapasuka bila kutoa sauti ya kukuonya.
- Bidoni mbili safi za mazutu, na kitambaa kisichoacha nyuzi.
- Vipande vya karatoni, miwani ya kazi, glavu.
- Filtri mpya: mafuta, mazutu, hewa, idroliki.
- Mafuta ya moteri 15W-40, na ya idroliki kadiri kitabu cha mashini kinavyosema. Andika modeli na namba ya seri kutoka kwenye kibati, utafute kitabu chake kwa intaneti, vingi vinapatikana.
- Simu, ya kupiga picha kila kitu kabla ya kukifungua.

Usalama, soma hii hata kama unaruka mengine

Shusha gode (ndoo ya kuchimbia) na lame (bati la mbele la buldoza) mpaka chini, zima moteri, kisha zungusha levya zote kila upande ili presha itoke. Usiingie kamwe chini ya kitu kilichoshikiliwa na idroliki peke yake.

Tuyo (bomba ao mpira wa mafuta) ya presha ikiwa na kitundu kidogo, mafuta yanatoka kama sindano na yanaingia mu ngozi. Mtu anaona kadoa kadogo tu kwenye kidole, hasikii hata maumivu sana, anaendelea na kazi, kisha saa chache baadaye mkono umevimba na unaanza kuoza kwa ndani. Kwa hiyo pa kuvuja hapatafutwi kwa mkono: shika karatoni mbali na mwili, upitishe karibu na tuyo, utaona mstari wa mafuta umechorwa juu yake. Na mtu akichomwa, hata kama ni doa tu, hospitali saa hiyo hiyo, na mwambie dokta wazi kwamba ni mafuta ya presha yameingia, ju inahitaji kupasuliwa haraka.

Hatua

1. Osha mashini. Najua watu wanaona ni kupoteza wakati. Lakini juu ya mashini yenye matope na grisi ya miaka huwezi kuona inavuja wapi, na ukifungua bushoni (kifuniko) yoyote uchafu unaanguka ndani. Kwangua kwa kipande cha chuma, piga mazutu kidogo kwa brashi, kisha maji. Funika kwanza alternateri, demarere (stata) na mdomo wa hewa. Ikikauka, iwashe dakika chache kama inawaka, kisha zunguka nayo uangalie pale panapoanza kulowa.

2. Soma mafuta kabla ya kuwasha. Vuta kijiti cha moteri asubuhi ikiwa baridi. Mafuta meusi si shida, hiyo ni kawaida ya mazutu. Shida ni yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa (maji yameingia) ao yakipita alama ya juu na yananuka mazutu (pompi ya mazutu ao injektere (nozo ya mazutu) inavujia ndani). Mambo hayo mawili, usiwashe.

Ukifanya vidanje (kubadilisha mafuta), fungua bushoni polepole mashini ikiwa imelala usiku mzima: kama kuna maji, yatatoka mbele ya mafuta. Kata filtri ya zamani kwa msumeno wa chuma, usafishe vipande vyake, nyoosha karatasi ya ndani kwenye jua. Vumbi jeusi ni kawaida. Vipande vinavyong'aa rangi ya shaba ao ya fedha mara nyingi ni kusineti (beringi za ndani) za moteri zinaisha. Pitisha sumaku: vinavyoshikika ni chuma, visivyoshikika mara nyingi ni kusineti.

3. Hewa. Hapa njo mashini nyingi za Goma zinauawa. Kazi zetu nyingi ni kusawazisha parseli juu ya makoro ya 2002, na upande wa Buhene na barabara ya Rutshuru juu ya yale ya 2021, na vumbi la jiwe lile ni msasa. Likipita filtri, linakula silinda na segimenti (ringi za pistoni), kisha moshi wa bluu, kisha moteri inapumua kwenye tundu la mafuta.

Toa filtri ya nje, ipulize kwa kompresa kutoka NDANI kwenda nje, presha ndogo, isipite bar 2. Usiigonge-gonge kwenye tairi, karatasi inapasuka kwenye mikunjo na wewe huoni. Kisha ingiza taa ndani mahali penye giza: ukiona hata nukta moja ya mwanga, tupa. Filtri ndogo ya ndani haipulizwi, inabadilishwa.

Kosa ambalo nakuta kila mahali: filtri ni mpya lakini tuyo ya mpira kati ya filtri na moteri imepasuka chini, pale usipoona. Pitisha kidole ndani ya ile tuyo. Kidole kikitoka na vumbi, basi filtri yako mpya ni pambo tu. Kaza kola (vibano) zote, badilisha mpira.

4. Mazutu, na kufanya purje (kutoa hewa). Mazutu tunayonunua kwa bidoni mara nyingi yana maji na mchanga. Yaache bidoni isimame siku nzima bila kuitikisa, mimina ya juu kupitia kitambaa, ile ya chini kabisa ya kiasi cha glasi mbili usiitie. Jaza rezervwari (tangi) jioni siyo asubuhi, ju usiku wa baridi unyevu wa hewa iliyobaki ndani unageuka maji kwenye kuta. Asubuhi kabla ya kuwasha, fungua robine ya chini ya rezervwari mpaka maji yaishe.

Sasa purje. Kila ukibadilisha filtri ya mazutu, ao mazutu yakiisha kabisa, hewa inaingia na moteri haiwaki hata ukipiga demarere mpaka batri zife. Fanya hivi:

a) Jaza filtri mpya mazutu safi kabla ya kuifunga, ila mimina kwa matundu madogo ya pembeni, siyo lile la katikati. La katikati ni la mazutu yaliyokwisha kuchujwa.

b) Legeza visi (skrubu) ya purje iliyo juu ya kichwa cha filtri, mzunguko mmoja tu. Piga pompi ya mkono. Kwanza hutasikia kitu, kisha inaanza kulia pshi pshi, inatoka povu jeupe, povu linageuka mazutu yenye mapovu makubwa, kisha mstari wazi usio na hata povu moja. Hapo endelea mara chache tena, na funga visi UKIWA bado unapiga pompi. Watu wanaacha kupiga kwanza, hewa inarudi, wanasema purje haikushika.

c) Fanya vile vile kwenye visi ya pompi ya injeksio.

d) Legeza ekru (nati) za tuyo kwenye injektere mbili ao tatu, nusu mzunguko, mwambie mwenzako apige demarere. Kaa mbali, uso wako usiwe karibu, hiyo presha ni ile ile ya sindano niliyosema. Mazutu yakitoka kwa kurukaruka, funga moja moja. Mara nyingi moteri itawaka kabla hujamaliza ya mwisho.

Demarere usiipige zaidi ya sekunde 30 kwa mfululizo, kisha ipumzike dakika 2. Na ile dawa ya eta ya kupuliza kwenye hewa, acha. Kama moteri ina bugi za kupasha moto inaweza kulipuka kwenye uso wako.

5. Umeme. Nyingi ni volti 24, yaani batri mbili za 12 zimefungwa kwa mfuatano. Pima kila moja peke yake: 12.6 imejaa, 12.0 imeisha karibu. Moja ikiwa mbovu inaua mwenzake, kwa hiyo zinabadilishwa zote mbili pamoja. Moteri ikizunguka alternateri itoe kati ya 27 na 28. Kabla ya kununua demarere, safisha kwanza kabo ya masi (waya wa ardhi wa batri) pale inapofungwa kwenye shasi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Demarere nyingi "mbovu" zinaponea hapo.

6. Maji ya kupoza. Kwa urefu wetu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Kinachoyazuia yasichemke ni presha, na presha inashikwa na bushoni ya radiateri. Bushoni yenye mpira uliokauka itakufanya ubadilishe pompi ya maji bure. Anza nayo, ni rahisi.

Maji ya ziwa usiyatie. Kivu ina madini mengi, yanaacha gamba jeupe ndani ya radiateri na kuizunguka silinda. Mvua nayo hapa inaweza kushuka na asidi ya moshi wa Nyiragongo. Tumia maji ya batri yaliyochanganywa na dawa ya radiateri, nusu kwa nusu. Ukikwama porini tia chochote urudi nyumbani, lakini kisha uyatoe.

Nje ya radiateri puliza maji kinyume cha njia ya hewa ya feni, polepole, usikunje mabati. Termosta usiitoe. Najua mafundi wengi wanaitoa ati mashini ipoe, lakini moteri inayofanya kazi ikiwa baridi inakula segimenti, na kwa moteri zingine maji yanapita njia ya mkato bila kuingia radiateri, inachemka zaidi.

7. Verini (silinda ya idroliki) inayovuja. Kwanza jua inavuja wapi. Mafuta yakitiririka kwenye fimbo kwa nje, ni mipira ya kichwani. Kama hakuna kinachotoka nje lakini mkono unashuka wenyewe, ni mipira ya pistoni ama ni distribiteri (valvu za levya). Namna ya kujua, kwa verini ya gode: inyooshe yote mpaka mwisho, laza mkono chini, zima, toa presha. Fungua tuyo ya upande wa fimbo, ziba tuyo ile kwa bushoni ya chuma. Mwenzako awashe kwa mwendo mdogo, asukume levya taratibu kwenda upande wa kunyoosha. Mafuta yakiendelea kutoka kwenye tundu la verini, pistoni inapitisha. Yasipotoka, shida iko distribiteri, usipasue verini bure. Hakuna mtu kusimama mbele ya tundu.

Kufungua: toa pini ya upande wa fimbo, funga fimbo kwa kamba ao cheni isianguke, kisha fungua ekru kubwa ya kichwani kwa kile yake ao uchonge ya bati nene. Patasi na nyundo zinaharibu nyuzi. Na usitoe pistoni kwa presha ya kompresa, inaruka kama risasi, vuta kwa kiriki ao kwa mkono.

Piga picha ya kila mpira umeangalia wapi. Kanuni: mdomo wa mpira unaangalia kule presha inakotoka, ule wa kufuta vumbi unaangalia nje. Ukienda Birere (mtaa wa biashara hapa Goma) kununua, usiseme tu "ya Komatsu". Beba vipimo vya milimita: unene wa fimbo, upana wa ndani wa silinda, urefu wa mfereji ambao mpira unaukalia. Muuzaji atakuambia huu unafanana. Unaofanana utakurudisha kufungua tena wiki ijayo.

Angalia fimbo kwenye jua. Kikwaruzo kinachokwenda urefu ni kibaya, kitakata mpira mpya. Toa ncha zake kwa jiwe la kunoa, kisha karatasi ya msasa 600 na mafuta, ukizungusha KUIZUNGUKA fimbo, siyo juu-chini. Mipira migumu ilowekwe kwenye maji moto dakika chache inalainika, isukume kwa kidole ao kijiti laini, bisibisi hapana. Paka kila kitu mafuta safi.

Ukisha kufunga, mwendo mdogo, nyoosha na kunja mara kadhaa bila kufika mwisho. Hewa iliyo ndani ikibanwa ghafla inapata moto na kuunguza mipira uliyoiweka sasa hivi. Kisha ongeza mafuta kwenye rezervwari.

8. Cheni. Kwa buldoza, weka ubao mnyoofu juu ya cheni kutoka gurudumu la mbele mpaka kile kiroli cha juu, pima pale inapolala zaidi: sentimita 3 mpaka 5 kwa nyingi, kitabu chako kina ya kweli. Inayokazwa sana inakula pini na meno kuliko iliyolegea. Pima ikiwa na matope yake ya kazini, siyo baada ya kuosha, ju matope yakijaa yanaikaza.

Kukaza ni kutia grisi kwenye valvu ya kando. Kulegeza ni kufungua valvu polepole, mzunguko mmoja usipite, na uso wako usiwe mbele yake. Springi kubwa iliyo ndani usiifungue nyumbani kamwe. Imebanwa kwa tani nyingi, imeua watu.

9. Gode na sudure (kuchomelea). Toa waya za batri kwanza. Masi ya sudure ifungwe karibu kabisa na unapochoma, la sivyo umeme unapita kwenye pini na verini na kuzichoma. Tumia bageti (fimbo za kuchomelea) za 7018 zilizokauka, zikilowa zinaacha matundu. Kwa kuongezea chuma kigumu kwenye gode inayochimba makoro, piga mistari kufuata njia ambayo jiwe linapita. Kwa udongo wenye mchanga, mistari ya kukatiza. Rezervwari ya mazutu haipigwi sudure, hata kama ni tupu. Iliyo tupu njo mbaya zaidi.

10. Grisi. Kila asubuhi, kila pini, mpaka grisi mpya itoke. Nasema kwa kifupi hapa ju kila mtu anajua na nusu hawafanyi.

Ikikataa, angalia hapa

*Demarere inazunguka vizuri, hakuna moshi wowote kwenye shimini (ekzosi).* Mazutu hayafiki. Angalia levya ya kuzima kama imerudi, kisha filtri, kisha purje.

*Inawaka, inafanya kazi robo saa, inazimika.* Fungua bushoni ya rezervwari. Ikivuta hewa fyuu, tundu lake limeziba. Kama siyo hiyo, kuna uchafu kwenye tuyo ya kunyonya.

*Moshi mweupe.* Ukinuka mazutu na unaisha ikipata moto, ni baridi ao injektere. Usipoisha na maji yanapungua, ni jwe la kilasi (gasketi ya kichwa cha moteri).

*Idroliki ina nguvu asubuhi, saa sita imelegea.* Mafuta ni mepesi mno ao pompi imeisha. Badilisha mafuta kwanza.

*Idroliki inalia asubuhi na mafuta yana povu.* Inanyonya hewa. Kola na mipira ya tuyo ya kunyonya, kiwango cha mafuta.

*Moteri inakimbia yenyewe na haizimiki.* Inachoma mafuta yake. Ziba mdomo wa hewa kwa ubao ao kitabu kinene, mkono hapana.

*Taa ao sindano ya presha ya mafuta imeshuka.* Zima papo hapo, hata kama uko katikati ya barabara ya Sake na magari yanapiga honi.

Pompi ya injeksio yenyewe, springi ya cheni, na zile chupa za gazi ya azoti kwenye idroliki za mashini zingine, hizo peleka kwa mwenye vifaa. Ukipeleka pompi, ifunge mdomo wote wa tuyo kwa plastiki safi, na andika alama ya taiming kwa patasi ndogo kabla ya kuitoa, ju usipoweka alama fundi atakurudishia pompi nzima na wewe hutajua irudi wapi.